Mganga anayebeba maradhi ya watu: gharama yake iandikwe wapi?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nakuandikia kutoka Ngamiani, Tanga. Nina tamthilia ya fantasia ya sehemu kumi na mbili, na mazoezi tunataraji kuanza baada ya Idi. Mhusika mkuu ni Zuhura, binti aliyepewa kipawa na jini wa mapango ya Amboni. Akimshika mgonjwa, ugonjwa humtoka yule na kumwingia yeye. Ataumwa siku tatu nne, kisha atapona. Kila sehemu anaponya mtu mmoja. Nilitegemea watazamaji walie. Tulipousoma muswada kwa sauti na kikundi changu, sehemu ya kwanza iliwagusa. Kufika ya tano mmoja akasema wazi, 'Zuhura anatuchosha.' Nimeongeza maumivu: sasa anatapika damu, anapoteza macho kwa muda, anapiga kelele usiku. Bado. Nifanyeje ili gharama ya kujitoa kwake iwaingie watu moyoni? Na je, mwishoni afe? Kikundi kimegawanyika."

Marahaba, mwanangu. Yule aliyesema Zuhura anachosha usimnunie. Ndiye msomaji wako bora. Nimeusoma muswada wote ulioniletea, na jibu la kwanza ni fupi: damu itoe. Kelele za usiku zitoe. Upofu ubaki, nitakuambia kwa nini.

Mara ya kwanza Zuhura anapomshika mvuvi mwenye mguu uliooza na kuanguka chini, mtazamaji hajui kitakachofuata, kwa hiyo anaogopa. Mara ya pili anajua. Mara ya tatu anahesabu: atashika, atapiga yowe, atalazwa mkekani, mama atalia, Alhamisi atainuka. Ulipoweka kanuni kwamba hupona baada ya siku tatu nne, kanuni hiyo ikaila tamthilia yako. Ugonjwa unaoondoka wenyewe kwa siku nne ni homa tu, na hakuna atakayeililia homa ya mtu mwingine sehemu kumi na mbili. Kila unapozidisha maumivu unapandisha homa. Hasara inabaki ileile, yaani hakuna.

Kwa hiyo nilipitia kurasa zako nikitafuta mahali ambapo Zuhura anapoteza kitu kisichorudi. Nimekuta mahali pamoja tu, na nadhani ulipaandika bila kukusudia. Sehemu ya tatu, yule mvuvi aliyeponywa mguu anapita mbele ya nyumba ya kina Zuhura, anamwona binti anachechemea uani, anavuka barabara na kushika upande wa pili. Mistari miwili, hakuna hata neno. Kisha ukaiacha ukakimbilia mgonjwa mwingine. Mwanangu, tamthilia yako iko pale.

Mfikirie huyo mvuvi. Juzi alikuwa anahurumiwa. Leo ana miguu miwili mizima, na binti wa jirani anashikilia ukuta kwenda msalani kwa ajili yake. Atamlipa nini? Analeta changu wawili, mama Zuhura anawapokea, wanakaangwa, wanaliwa, na deni liko palepale. Kesho alete nini tena? Dawa ya deni kulipa, ndivyo tulivyofundishwa, na hili halilipiki. Mtu mwenye deni la namna hiyo ama atamtukuza anayemdai mpaka amkinaishe, ama atamkimbia, ama atamchukia. Mvuvi wako ameshaanza kukimbia. Mpe nafasi sehemu ya sita afike kwenye chuki, na asifike kwa ubaya wa roho. Awe mtu mwema aliyechoka kushukuru.

Onyesho lenyewe ningelijenga barazani. Wanaume wanakunywa kahawa. Mmoja anamtania mvuvi: bila yule binti sasa hivi ungekuwa unatambaa. Wanacheka, naye anacheka nao. Kicheko kikiisha anasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kwani nilimwomba?" Hadhira itanyamaza, kwa sababu ni kweli, hakuomba. Rudi kwenye kurasa zako uhakikishe mwenyewe: sehemu kumi na mbili, wagonjwa kumi na wawili, hakuna hata mmoja aliyeulizwa. Zuhura anaingia, anashika.

Hapo ndipo upofu wake unapopata kazi. Siku hiyo awe amebeba macho ya yule mzee wa sehemu ya tano, haoni, na mdogo wake Mbwana anamshika mkono wanapita mbele ya baraza. Zuhura anasikia vikombe, anasikia sauti za watu anaowajua, anatoa salamu. Mvuvi ameweka kidole mdomoni kuwaashiria wenzake. Hakuna anayeitikia. Anaitoa tena. Mbwana anaona kila kitu na hasemi. Salamu kuachwa bila kuitikiwa, katika mji wa Waislamu, mtaani kwao alikozaliwa! Hutahitaji tone la damu hapo. Tenda wema nenda zako, wanasema, lakini Zuhura hana pa kwenda. Anaishi mtaa mmoja na wema wake, anapishana nao dukani, kisimani, msibani.

Nikurudishe sasa kwenye uganga wenyewe, maana wewe ni mtoto wa Pwani na naona umeuacha mlangoni ulipoanza kuandika fantasia. Sijui vijana wetu wanapata wapi dhana kwamba fantasia lazima ianze mbali. Mambo mawili ya uganga wa kwetu yangekufaa sana.

La kwanza ni ada. Mganga wa mitishamba, fundi wa ngoma ya pepo, hata mwalimu anayekuandikia kombe kwa zafarani kwenye sahani, hupewa kitu. Kinaweza kuwa kidogo sana, senti za kufungulia mkoba tu, lakini hupewa, na wengi huamini kwamba dawa isiyotolewa ada haifanyi kazi. Wasomi hucheka wakasema huo ni ujanja wa waganga kujitafutia riziki. Kwa baadhi yao, ndiyo. Lakini tazama ada inavyofanya kazi kati ya watu wawili: inafunga hesabu. Aliyetoa ameondoka huru. Kesho wakikutana njiani, mganga na mteja wake wanasalimiana kama watu wawili wanaojuana, hakuna anayemkwepa mwenzake. Zuhura hatozi, na hilo umeliandika kama sifa yake kubwa. Mama yake analisema mara nne. Mimi nimelisoma kama kosa lake kubwa. Ni kosa zuri, la kujengea tamthilia, lakini ni lazima mwandishi ujue kwamba ni kosa, hata kama yeye Zuhura hajui.

La pili ni kafara. Kwa mila zetu, maradhi yakitolewa kwa mtu hayapelekwi kwa mganga. Hupelekwa kwenye kitu. Kuku anazungushwa juu ya kichwa cha mgonjwa, au yai, au nazi, kisha kinatupwa njia panda au baharini, na watoto wanakatazwa kukigusa. Mganga anasimama kando, na kujikinga ni sehemu ya ufundi wake. Kwenye ngoma ya pepo ni hivyohivyo kwa njia nyingine. Pepo akishapanda kichwani kwa mwele, yaani mgonjwa, anaulizwa, mbele ya ndugu, anataka nini. Anataja: ubani, pete, nguo ya rangi fulani, mnyama wa rangi fulani. Ndugu wanaguna, fundi anasihi apunguze, wanapatana. Ni ghali, familia huingia madeni kwa hilo, lakini gharama imetajwa kwa sauti na ukoo mzima umeichangia.

Sasa mtazame Zuhura. Yeye ndiye mganga, yeye ndiye kuku, na yeye ndiye njia panda. Jini wako wa Amboni amempa kipawa bila kutaja anachotaka, na hapakuwa na mjomba wala shangazi wa kubishana naye bei. Ndani ya mapango yale ya chokaa watu huacha matoleo mpaka leo. Hata mizimu haifanyi kazi bure. Jini asiyetaja bei amemfanya binti ailipe peke yake, gizani, asijue lini itakwisha. Upweke huo hujauandikia hata mstari mmoja. Ningekushauri uongeze onyesho fupi mapema, sehemu ya pili, ambapo bibi mmoja mjuzi wa mambo haya anamuuliza, "Alitaka nini?" Zuhura anajibu kwa furaha, "Hakutaka kitu." Na bibi anaacha kula. Basi, usieleze zaidi.

Nije kwenye jambo ambalo pengine hutalipenda. Zuhura wako ni mwema mno, na wema wa namna hiyo hauaminiki. Anayejitoa kiasi kile kuna kitu anakipata. Umekiweka mwenyewe sehemu ya kwanza halafu ukakisahau: baba anampenda Mbwana, Zuhura ni wa kutumwa maji. Tangu apate kipawa, jina lake ndilo linaloitwa mlangoni. Sehemu ya saba, siku ambayo hakuna mgonjwa aliyefika, umemwandika amelala, anapumzika. Mimi ningemwandika anachungulia mlangoni. Anafagia uwanja uliokwisha fagiwa. Anamuuliza mama, kwa sauti ya kutojali, kama kuna aliyekuja alipokuwa anaoga. Jioni inapiga hodi maradhi ya mtoto wa watu, na usoni mwa Zuhura, kabla ya huruma, tuone nafuu. Mwigizaji hodari atalifanya hilo kwa nusu sekunde, na kuanzia hapo mtazamaji hatamwonea huruma tu. Atakuwa na wasiwasi naye. Wasiwasi hukaa na mtazamaji muda mrefu kuliko huruma.

Haya si mambo ya majini peke yao. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger, aliyekuwa anajitolea kwenye kliniki ya bure mjini New York, aliandika kuhusu wahudumu wenzake walioingia kazini kwa moyo mkubwa na baada ya muda wakachakaa. Mwaka 1981 Christina Maslach na mwenzake wakachapisha kipimo cha hali hiyo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likaieleza hali hiyo ya kazini kwa alama tatu: nguvu kuisha, mtu kujitenga kimawazo na kazi yake au kuibeza, na kujiona kwamba anachofanya hakina tija. Nakutajia haya kwa sababu moja. Katika alama hizo tatu wewe umeandika ya kwanza peke yake. Zuhura anachoka, anachoka, anachoka. Ya pili, ule ubaridi, haumo kabisa, na ndiyo yenye mchezo.

Kaa na wauguzi wa zamu ya usiku wakinywa chai, uwasikilize wanavyotaniana kuhusu wodi. Mtu wa nje atadhani hawana roho. Kumbe waliobaki kazini miaka mingi wengi wao ni hao wanaotaniana. Aliyelia kwa kila mgonjwa alishaomba uhamisho. Kwa hiyo sehemu ya nane, mama anamleta mtoto mwenye degedege, anapiga magoti, anaomba. Zuhura anamshika mtoto huku anatazama nje dirishani, kama mtu anayepima unga, na mtoto anapotulia anasema, "Nani anafuata?" Mama amepata alichokitaka na bado anaondoka amejeruhiwa. Watu waliochoshwa na yowe zake watashtuka kwa hayo maneno mawili.

Mzee Shaaban Robert, aliyezaliwa 1909 Vibambani, huko huko kwenu Tanga, aliijua kazi hii. Katika Adili na Nduguze, Adili ni liwali wa Janibu, anasifiwa kwa haki na huruma, na kila usiku analazimika kuwachapa manyani wawili ambao kwa hakika ni ndugu zake waliogeuzwa. Anachapa huku moyo unamuuma, anawalilia. Tazama mzee alivyoipanga gharama. Hakuiweka kwenye ngozi ya Adili. Aliiweka kwenye siri, na kwenye kujua kwamba kesho usiku yatarudiwa yaleyale. Tena akampa mtu wa kuyaona: mjumbe wa mfalme anashuhudia usiku asichotakiwa kukijua. Bila jicho lile msomaji asingekuwa na mahali pa kusimama. Zuhura hana wa kumshuhudia. Mama yake hawezi, yeye ana kazi ya kulia. Mpe Mbwana kazi hiyo. Mbwana ndiye aliyeona kidole mdomoni barazani. Mbwana awe pia ndiye anayemwona dada akichungulia mlangoni siku isiyo na wagonjwa. Asiseme lolote. Akusanye tu, tutamhitaji mwishoni.

Kanuni nayo uibadilishe kidogo. Mwili upone baada ya siku nne, sawa, usihangaike kuandika upya kila kitu. Lakini kilichokuja pamoja na ugonjwa kisiondoke. Akichukua mguu wa mvuvi, abaki na hofu ya bahari aliyokuwa nayo mvuvi tangu mashua ilipompindukia. Akichukua degedege la mtoto, abaki anaogopa giza. Na sehemu ya tisa, ambayo sasa hivi ina mwanamume mwenye jipu (jipu halina hadithi, mwanangu, lipasue tu), weka mjane.

Mjane yuko eda. Mume alikuwa fundi baiskeli, na mtaa mzima walijua amerudi nyumbani kwa kengele ya baiskeli yake, maana alikuwa na mlio wake, mara mbili haraka na mara moja taratibu. Mwezi wa kwanza wa eda unakwisha na mwanamke hali, hanywi, wanawe wanaogopa watazika mwingine. Wanamwita Zuhura. Safari hii hakuna kidonda wala homa. Anachokishika ni huzuni. Inatoka.

Asubuhi mjane anakula. Anauliza bei ya unga. Mjukuu anaanguka kwa kituko na bibi anacheka. Nyumba nzima inamshukuru Mungu. Siku ya tatu anakuja mama mkwe kukaa naye, kumtaja marehemu kama wanavyotajwa marehemu, alivyokuwa akipenda hiki na kile. Mjane anamsikiliza kwa adabu, kama anayesikiliza habari za mtu wa mji mwingine. "Alikuwa mtu mzuri," anasema. Mama mkwe anachukua mtandio wake anaondoka bila kuaga. Na siku zilizosalia za ile miezi minne na siku kumi ya eda ziko mbele ya mjane, atazikaa zote, amevaa ipasavyo, hana anachokiombolezea. Majirani wataanza kusema, nawe wajua majirani wa Ngamiani wakianza kusema.

Upande wa pili wa jukwaa, Zuhura. Binti wa miaka kumi na tisa ambaye hajaolewa anaamka alfajiri anamtafuta mwanamume ambaye hakuwahi kuzungumza naye. Anajua kanzu yake ilivyonukia. Anajua alivyokuwa akigeuka kitandani. Mtaani inapita baiskeli yoyote, kengele yoyote, anainuka kwenda kufungua mlango. Anaomboleza kwelikweli, na hana haki ya kuomboleza: hawezi kukaa eda, hakuna atakayekuja kumpa pole, na akilia mbele ya watu atasemwa alikuwa na jambo na mume wa mtu. Hiyo ndiyo gharama uliyoniuliza. Haionekani kwenye mwili, na siku nne haziitibu.

Kisha mjane, usiku, anavunja masharti ya eda na kutoka nje, anapiga hodi kwa kina Zuhura. Anasema, "Nirudishie." Zuhura hawezi. Kipawa kinakwenda upande mmoja tu. Jambo pekee analoweza ni kumsimulia. Basi wanakaa chini, na binti anamsimulia mjane habari za mume wake mwenyewe, siku ya posa, ugomvi wa mwaka fulani, jina alilokuwa akimwita wakiwa wawili, na mjane anasikiliza akijaribu kuhisi kitu. Liache onyesho hilo liwe refu. Ukilipa dakika kumi hutakuwa umelipa nyingi. Wala usiamue nani kati yao ameonewa. Mimi mwenyewe nimelifikiria tangu nilipoanza kukuandikia na sijaamua.

Kuhusu uigizaji nitasema machache. Hapa Bagamoyo, tangu chuo cha sanaa kianzishwe 1981, kile kinachoitwa TaSUBa siku hizi, wanafunzi hufundishwa ngoma na maigizo pamoja, na mwigizaji aliyepita kwenye ngoma hufikiri kwa mwili. Kikundi chako nacho kifanye hivyo. Mwigizaji wa mvuvi na mwigizaji wa Zuhura wafanye mazoezi ya kuchechemea pamoja mpaka mwendo uwe mmoja, ili hadhira iuone ukihama kutoka mwili huu kwenda ule. Vivyo hivyo na kila mgonjwa: kila mmoja aje na kijitabia, na kijitabia hicho kibaki kwa Zuhura. Kufikia sehemu ya kumi anatembea kwa uangalifu wa kipofu, anawasha taa mchana, anasimama mbali na maji, anageuka kila ikisikika kengele. Mtazamaji hahitaji kuambiwa kwamba humo ndani hakuna nafasi tena ya Zuhura. Ngoma za uponyaji nazo zipunguze: ya kwanza ipigwe kwa nguvu zote, kila sehemu kidogo, ya mjane isiwepo kabisa. Mkicheza uwanjani karibu na bahari, minong'ono yote itachukuliwa na upepo, kwa hiyo lolote muhimu lisiwe la kunong'ona.

Sasa, afe? Nasema hapana, na najua kikundi chako nusu watanuna. Zuhura akifa, madeni yote yamelipwa kwa siku moja. Mvuvi atabeba jeneza, atalia kuliko wote, atarudi kwake mwepesi. Mji utasoma khitma, utakula, utamsifu. Hadhira nayo italia vizuri na kwenda nyumbani imefarijika. Kifo chake kinawapa nafuu watu wote ambao sehemu kumi na moja umekuwa ukiwanyima, na mimi nisingewapa.

Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake Kinjeketile ya 1969, naye alikuwa na mtu wa dawa aliyeingia ndani ya maji akatoka na kipawa, na alimwekea mwisho mgumu kuliko kifo cha vitani. Kinjeketile yuko kifungoni, amepigwa, anatakiwa atamke kwamba maji yake ya kuwakinga watu na risasi yalikuwa uongo. Na yeye mwenyewe shaka ilishamwingia zamani. Anakataa kutamka, kwa sababu ya wale watakaokuja baadaye. Amebaki na neno lililokwisha kuwa la watu, haliwezi kurudi kwake. Mwisho wa namna hiyo unamwacha mtazamaji akibishana njia nzima.

Kwako, mwisho ni Mbwana. Augue yeye, na augue kweli. Baba aliyempenda kuliko dada yake anamwita Zuhura kwa mara ya kwanza kwa upole. Zuhura anakuja, mikono tayari. Na Mbwana, aliyeona kidole barazani, aliyemwona dada akichungulia mlangoni, anasema, "Usiniguse." Mtu wa kwanza katika tamthilia nzima kupewa nafasi ya kukubali au kukataa, na anakataa. Anayo haki? Baba anapiga kelele, mama anamsukuma binti mbele. Kama Zuhura atasubiri mdogo wake alale amshike kwa nguvu, amemwokoa na amemfanyia alichowafanyia wote. Kama ataondoa mikono, itabidi akae kitandani pa mtu anayempenda kama tunavyokaa sisi wengine, hana la kufanya, anampa maji. Sikuchagulii. Zote mbili zinachezeka, na kikundi chako kilichogawanyika kitakuwa na jambo la maana la kugawanyikia.

Usianze kuandika upya kutoka mwanzo. Andika sehemu ya sita na ya tisa peke yake, zisomwe kwa sauti, na yule aliyesema anachoshwa akae mbele. Baada ya hapo ndipo urudi nyuma kupanda mbegu: bibi na swali lake, zile salamu za barazani, na kengele ya baiskeli isikike angalau mara mbili kabla hatujamjua mwenyewe. Mama Zuhura mpunguzie machozi nusu. Na Mbwana, tangu sehemu ya pili, awe anashika ubavu akipanda ngazi.